Fomu za green card kwa njia ya ndoa: kwa nini maombi ya Wakongomani wa Mashariki hukwama

Tangu tarehe 1 Agosti 2025, idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, inafuata maelekezo mapya ya kuchunguza maombi ya familia, yakiwemo yale ya mume anayemwita mke wake au mke anayemwita mume wake. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2025, wizara ya mambo ya kigeni ya Marekani nayo inadai kwamba anayeomba viza ya kuhamia ahojiwe katika nchi anamokaa au katika nchi yake ya uraia, si tena katika ubalozi anaouona rahisi. Kwa wakaaji wa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Fizi wenye mke au mume huko Marekani, maamuzi hayo mawili yana uzito mkubwa.

Sheria yenyewe haijabadilika. Raia wa Marekani bado ana haki ya kumwombea mwenzi wake, na mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu, ile ambayo kila mtu anaiita green card, ana haki hiyo pia. Kilichobadilika ni uvumilivu. Zamani kosa dogo katika fomu liliweza kurudishwa kwa barua ya maswali, na siku zikaendelea. Sasa maelekezo ya Agosti yanakumbusha wazi kwamba ombi la ndoa peke yake halimpi mtu ruhusa ya kukaa Marekani, na kwamba aliye ndani ya nchi hiyo bila kibali anaweza kuitwa mbele ya jaji wa uhamiaji hata kama ombi lake lingali linasomwa au limeshakubaliwa.

Kuna uvumi mmoja wa kuondoa kwanza. Kongo iliyo katika orodha ya nchi zilizofungiwa viza mwezi wa Juni 2025 ni ile ya Brazzaville, si Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Burundi imo katika orodha ya nchi zilizofungiwa kwa sehemu, jambo linalogusa familia nyingi za Uvira na Bujumbura zilizooana kuvuka mpaka. Kwa Mkongomani wa Kinshasa au wa Kivu, mlango wa ndoa haukufungwa na amri ile. Wakati wa amri ile, kilichowafungia wengi kilikuwa makaratasi yao wenyewe.

Njia tatu, na hatari ya kukosea njia

Wakongomani ni kati ya mataifa yaliyopokelewa kwa wingi zaidi Marekani kama wakimbizi katika miaka kumi iliyopita. Mwaka 2016 walipita 16,000, na mwaka 2023 walipita 18,000. Wengi walitoka kambi za Nyarugusu Tanzania, Nakivale na Kyangwali Uganda, Kakuma Kenya, au kambi za Rwanda na Burundi. Leo wanakaa Lexington na Louisville katika jimbo la Kentucky, Des Moines katika Iowa, Portland katika Maine, Houston, Dallas, Boise. Wengi waliacha nyuma mke, mume au mchumba.

Njia ya kwanza ni fomu I-730. Hiyo ni ya mkimbizi aliyekuwa ameshaoa au kuolewa kabla ya kuingia Marekani. Hailipiwi. Lakini ina muda wake: inapaswa kuwekwa ndani ya miaka miwili tangu siku ya kufika, isipokuwa kuwe na sababu ya kibinadamu inayokubaliwa. Watu wengi hupitisha miaka hiyo miwili wakitafuta kazi, wakijifunza Kiingereza na kulipa deni la tiketi ya ndege. Wanapokumbuka, siku zimepita. Na tangu mpango wa kupokea wakimbizi usimamishwe mwezi wa Januari 2025, mwenye njia hii anahitaji kumwona mwanasheria kabla ya kutuma chochote.

Njia ya pili ni fomu I-130. Hiyo ni ya raia wa Marekani au mwenye kadi, na ndiyo inayowahusu waliooa baada ya kufika. Hapa hadhi ya mwenye kuomba inabadilisha kila kitu. Mke wa raia hana foleni: hakuna idadi inayowekewa mpaka kila mwaka. Mke wa mwenye kadi anaingia katika foleni yenye idadi maalumu, na anasubiri tarehe yake ifikiwe. Ndiyo maana wakimbizi wengi hungoja kwanza uraia, ambao wanaweza kuuomba baada ya miaka mitano, ikihesabiwa tangu siku waliyoingia Marekani.

Lakini kuna mtego katika hesabu hiyo. Mwenye kadi anapomwombea mke wake, watoto wao walio chini ya miaka 21 na wasiooa wanaweza kufuata faili ya mama yao. Siku baba anapokuwa raia, faili ya mama inakwenda mbele haraka, lakini watoto wanaondoka ndani yake. Kila mtoto anahitaji fomu yake ya I-130. Baba asiyejua hilo anafurahia uraia, na siku ya mahojiano mama anapewa viza peke yake.

Njia ya tatu ni ya walio Marekani tayari wote wawili. Aliyeingia kwa njia iliyoandikwa mpakani na akaolewa na raia anaweza kutuma I-130 pamoja na fomu I-485 bila kutoka nchini. Aliyevuka mpaka wa Mexico bila kupita kwa afisa yuko katika hali nyingine kabisa: kwa kawaida hawezi kumalizia faili yake ndani ya Marekani, na akitoka baada ya kukaa muda mrefu bila kibali anaweza kufungiwa miaka mitatu au kumi. Wakongomani waliopita Brazili, msitu wa Darién na Mexico hadi kufika Portland mwaka 2019 na baadaye wanajua kwamba karatasi moja waliyopewa mpakani inaweza kuamua upande upi wanasimama. Karatasi hiyo isitupwe.

Ndoa gani inahesabika

Marekani haina ndoa yake ya kumpimia Mkongomani. Kanuni yake ni kwamba ndoa iliyo halali mahali ilipofungwa ni halali pia kwake. Kwa hiyo swali la kwanza la afisa linarudi Kongo: je, hii ni ndoa mbele ya sheria ya Kongo?

Sheria ya familia ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa mwezi wa Julai 2016, inakubali ndoa ya kimila iliyofanywa kati ya familia mbili. Lakini inadai wenye ndoa waende mbele ya afisa wa état civil ndani ya mwezi mmoja ili iandikwe. Ndoa ya kanisani peke yake haitoshi. Na hapo ndipo watu wengi wa Mashariki wanapokwama. Mali ilitolewa, ng'ombe au mbuzi walihesabiwa, pasta alibariki, watoto wamezaliwa, mtaa mzima unajua kwamba fulani ni mke wa fulani. Katika daftari ya komine hakuna mstari hata mmoja.

Tatizo lingine ni ndoa ya mbali. Kijana yuko Iowa, baba zake wadogo wanakwenda Kamanyola kutoa mali, bibi arusi anavaa, na bwana arusi anaonekana katika simu ya WhatsApp. Kwa familia, ndoa imekwisha kufungwa. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, mtu ambaye hakuwa pamoja na mwenzake kwenye sherehe si mume wala mke, isipokuwa kama wawili hao walikutana baada ya sherehe na kuishi kama mume na mke. Neno la maana ni «baada». Kukutana mbele ya sherehe hakusaidii, hata kama kuna mtoto.

Kwa sababu hiyo tiketi ya ndege, muhuri katika pasipoti na risiti ya hoteli vina thamani kuliko picha mia za sherehe. Wengi huchagua kukutana Kampala, Nairobi au Kigali, kwani mwenye hadhi ya mkimbizi anayerudi katika nchi aliyoikimbia anaweza kuulizwa maswali juu ya ukimbizi wake. Baadhi hufunga ndoa ya serikali hukohuko. Hilo linakubalika, mradi ndoa hiyo iwe halali kwa sheria ya nchi hiyo, na mradi tarehe itakayoandikwa katika fomu iwe ileile iliyo katika cheti.

Wachumba wasiooana bado wana fomu yao, I-129F, lakini ni kwa raia wa Marekani tu. Wanapaswa kuwa wameonana uso kwa uso ndani ya miaka miwili iliyopita, na kuoana ndani ya siku 90 tangu kufika. Mwenye kadi hawezi kuitumia.

Ama mwenye wake wawili, fomu haimwachi apite. Inauliza ndoa zote za zamani za kila upande na namna zilivyoisha: kwa kifo au kwa talaka, pamoja na karatasi ya kushuhudia. Mke wa kwanza aliyeachwa kijijini bila talaka ya tribinali bado ni mke, na ndoa ya pili juu yake si ndoa.

Majina matatu, tarehe moja, anwani isiyo na namba

Fomu I-130 imetengenezwa kwa mtu mwenye jina la ukoo analoshiriki na baba yake, tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa hospitalini, na nyumba yenye namba. Mkongomani wa Kivu mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo.

Majina ni tatizo la kwanza. Kongo inatumia nom, postnom na prénom, na watoto wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa. Wazee waliopata karatasi zao wakati wa Zaire, baada ya Mobutu kupiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, hawana prénom katika vitambulisho vya zamani. Kambini Tanzania, mwandishi aliandika jina kama alivyolisikia. Uganda likaandikwa tena kwa namna nyingine. Fomu ya Marekani ina visanduku vitatu tu, na mtu anayegeuza nom kuwa jina la katikati katika fomu moja, kisha kuliweka mwisho katika fomu nyingine, anaonekana kama watu wawili. Njia salama ni kufuata pasipoti bila kubadilisha hata herufi, kisha kuandika majina mengine yote katika sehemu inayouliza majina yaliyotumika zamani. Sehemu hiyo wengi huiacha wazi wakiogopa kuonekana wadanganyifu. Kuijaza ndiko kunakowalinda.

Tarehe ni tatizo la pili. Maelfu ya wakimbizi wamezaliwa, kwa maandishi, tarehe 1 Januari, kwa sababu mwandishi wa kambi alihitaji tarehe na wao walijua mwaka tu. Juu ya hilo, Wamarekani huanza na mwezi, kisha siku. Mtu wa Bukavu akiandika 05/08/1994, kwake ni tarehe 5 mwezi wa nane. Afisa anasoma tarehe 8 mwezi wa tano. Hakuna aliyesema uongo, lakini cheti cha kuzaliwa na fomu havikubaliani tena.

Anwani ni tatizo la tatu. Fomu I-130A, anayojaziwa mke au mume anayeombewa, inadai anwani zote za miaka mitano iliyopita, pamoja na kazi zote alizofanya, bila kuacha mwezi. Mwanamke aliyekimbia Masisi, akakaa kambini Bulengo, kambi ikavunjwa baada ya Goma kuanguka, akalala kwa shangazi Himbi, kisha akavuka kwenda Gisenyi, ana anwani tano katika miaka miwili, na hakuna iliyo na namba ya mlango. Hizo zote zinaandikwa kama zilivyo: mtaa, avenue, komine, jina la kambi, mwezi wa kuingia na mwezi wa kutoka. Aliyekuwa hana kazi anaandika hana kazi. Aliyeuza mboga sokoni anaandika kwamba aliuza mboga sokoni.

Kila karatasi ya Kifaransa au Kiswahili inayotumwa USCIS inapaswa kuambatana na tafsiri nzima ya Kiingereza, yenye saini ya mfasiri anayethibitisha kwamba anazijua lugha hizo na kwamba tafsiri ni kamili. Muhtasari haukubaliwi. Mihuri nayo inatafsiriwa.

Faili ya kambini haisahau

Katika mambo yote yanayoangusha maombi ya Wakongomani, hili ndilo zito kuliko mengine, na ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko mengine.

Mkimbizi aliyefika Marekani amekwisha kuulizwa juu ya familia yake mara nyingi: na HCR kambini, na kituo kinachotayarisha faili za wakimbizi kwa ajili ya Marekani, na afisa wa USCIS aliyemhoji, kisha tena alipoomba kadi baada ya mwaka mmoja, kisha tena alipoomba uraia. Majibu hayo yanakaa pamoja, chini ya namba moja inayoanza na herufi A. Afisa anayesoma I-130 leo anaweza kufungua yaliyosemwa Nyarugusu miaka 12 iliyopita.

Kambini, watu walikuwa na sababu za kusema walivyosema. Kijana aliyekuwa na mke wa kimila alijiandika mseja, kwa hofu kwamba kumwongeza mke kungechelewesha faili ya familia nzima. Binti aliyekuwa na mtoto alimwandikisha mtoto kwa jina la mama yake mzazi. Mwingine alimwandika dada wa mkewe kuwa binti yake, ili asimwache vitani peke yake. Wengine walishauriwa hivyo na wenzao waliodai kuijua njia.

Miaka ikapita, na kijana yule sasa ni raia wa Marekani anayetaka kumwita mke wake. Ana mitego miwili mbele yake. Akiandika kwamba walioana mwaka 2012, anakubali kwamba alijiita mseja kwa uongo mwaka 2014. Akiandika kwamba walioana mwaka 2022, watoto waliozaliwa mwaka 2013 na 2015 wanauliza swali ambalo fomu haiwezi kulikwepa. Na fomu yote inatiwa saini chini ya kiapo.

Kosa la namna hiyo linaweza kumfungia anayeombewa maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha unaodai kuonyesha mateso makubwa kwa jamaa yake aliye raia au mwenye kadi. Linaweza pia kurudi juu ya mwenye kuomba na kugusa kadi au uraia wake. Wanasheria wanaofanya kazi hizi hutoa shauri moja: ukweli uelezwe mapema, kwa maandishi, na mtu mwenyewe, kabla afisa hajaugundua. Mtu anayesahihisha mwenyewe anasikilizwa kwa namna nyingine kuliko yule anayeshikwa. Lakini maelezo hayo yasiandikwe na mtu yeyote tu wa kanisani anayejua Kiingereza. Hapa ndipo pesa ya mwanasheria inapokuwa na maana.

Upande wa pili nao unastahili kusikilizwa. Maafisa hawana shaka bure. Ndoa za kununua zipo, na zimekuwepo kwa kila taifa. Tangu mwaka 1986 Marekani ina sheria maalumu juu yake: kifungo cha hadi miaka mitano, faini ya hadi dola 250,000, na kwa mgeni aliyeshiriki, kutokubaliwa tena ombi lolote la familia, hata akioa baadaye kwa mapenzi ya kweli. Anayekubali kuandika «mke» wa kulipwa ili amsaidie ndugu anahatarisha yote hayo, na anaongeza shaka juu ya mke wa kweli wa jirani yake.

Pesa: ada, na ahadi isiyovunjika kwa talaka

Fomu zenyewe ni bure. Zinachukuliwa katika tovuti ya serikali, na anayeuza fomu anauza hewa. Kinacholipwa ni ada. I-130 ni dola 625 ikitumwa kwa intaneti, dola 675 ikitumwa kwa karatasi. Ikikubaliwa, kituo cha taifa cha viza kinadai dola 325 kwa ombi la viza na dola 120 kwa kusoma ahadi ya mdhamini. Viza ikitoka, kuna dola 235 za kutengeneza kadi. Jumla ni dola 1,305, kabla ya daktari, pasipoti, tafsiri na tiketi. Aliye ndani ya Marekani analipa I-130 pamoja na dola 1,440 za I-485. Baada ya tarehe 28 Oktoba 2025, USCIS haipokei tena cheki za karatasi. Malipo ni ya kadi ya benki au kukatwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya Marekani. Hakuna ofisi ya Marekani inayolipwa kwa M-Pesa, Airtel Money au Western Union.

Ada si mlima mkubwa kuliko yote. Mlima ni fomu I-864, ahadi ya kumtunza anayekuja. Mwenye kuomba anapaswa kuonyesha mapato yanayofikia asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali. Kwa mwaka 2025 hiyo ilikuwa dola 26,437 kwa watu wawili, dola 33,312 kwa watu watatu, dola 40,187 kwa wanne. Mtu anayefanya kazi katika ghala kwa dola 15 kwa saa, saa 40 kwa juma, mwaka mzima, anapata dola 31,200 kabla ya kodi. Anatosha kumleta mke. Akiwa na mtoto mmoja, hatoshi tena. Mume, mke na watoto watano walihitaji dola 60,812 mwaka 2025.

Anayepungukiwa anaruhusiwa kutafuta mdhamini wa pili, na hapo ndugu, shemeji na waumini wa kanisa huombwa saini. Wengi husaini kama wanavyosaini kitabu cha michango. Hawaambiwi kwamba ahadi hiyo ni mkataba na serikali. Inadumu mpaka aliyekuja awe raia, au afikishe robo-mwaka 40 za kazi, ambazo ni kama miaka kumi, au aondoke Marekani moja kwa moja, au afe. Talaka haiimalizi. Mtu aliyesaini kwa ajili ya mke wa rafiki yake anaweza kubaki na deni hilo wakati rafiki na mke wamekwisha kuachana.

Vita katikati ya faili

Goma ilianguka mikononi mwa M23 tarehe 27 Januari 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa Februari. Uwanja wa ndege wa Goma umefungwa tangu siku hizo. Mahojiano ya viza ya kuhamia kwa mwenye kukaa Kongo yanafanyika Kinshasa, na daktari anayekubaliwa na ubalozi naye ni lazima aonwe kabla ya mahojiano. Mama wa Bukavu mwenye tarehe ya mahojiano anapaswa kwanza kutoka nchini mwake kwa barabara, kupita Rwanda au kwingine, kisha kupanda ndege kurudi katika nchi yake mwenyewe, upande wa magharibi.

Amri ya Novemba inamruhusu anayekaa kweli katika nchi nyingine kuhojiwa na ubalozi unaohudumia nchi hiyo. Lakini atahitaji kuonyesha kwamba anakaa huko: kitambulisho cha mkimbizi, kibali cha ukaaji, karatasi yoyote yenye jina na tarehe. Kulala Kampala majuma mawili si kukaa Uganda.

Makaratasi nayo yamepatwa. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kupatikana kwa hukumu ya tribinali, jugement supplétif, na ndiyo njia ya watu wengi ambao hawakuandikwa utotoni. Lakini hukumu iliyotolewa jana kwa mtu wa miaka 35, tena kwa ajili ya viza, haina nguvu sawa na daftari ya zamani. Kwa hiyo inasindikizwa na karatasi za umri wa utotoni: kadi ya ubatizo, kitabu cha shule, kadi ya chanjo. Ama karatasi zinazotolewa leo katika miji inayoshikwa na AFC/M23, serikali ya Kinshasa haiutambui utawala huo, na mwenye faili atafanya vizuri kutafuta nakala ya zamani, au karatasi kutoka ofisi isiyo na ubishi.

Kwa kushuhudia kwamba ndoa ni ya kweli, fomu inataja nyumba ya pamoja, akaunti ya benki ya pamoja, watoto na ushuhuda wa watu. Mke aliye Uvira hawezi kuwa na akaunti ya pamoja na mume aliye Dallas. Lakini ana risiti za pesa alizotumiwa kila mwezi, ana historia ya simu, ana barua ya shule inayomtaja baba kama mlipaji. Hizo ndizo akaunti ya pamoja ya watu waliotenganishwa na vita. Tatizo ni kwamba hufutwa simu inapojaa. Anayejua kwamba ataomba siku moja, aanze kuzihifadhi leo.

Kadi ya miaka miwili

Siku ya kufika si mwisho wa fomu. Ikiwa ndoa ina chini ya miaka miwili siku mwenzi anapoingia au anapopewa kadi, kadi hiyo ni ya miaka miwili tu. Katika siku 90 za mwisho kabla haijaisha, wote wawili wanapaswa kutuma fomu I-751, yenye ada ya dola 750, na kuonyesha kwamba bado wanaishi pamoja. Anayesahau anapoteza hadhi yake.

Kifungu hiki kimewapa baadhi ya waume fimbo. Wanawake waliofika bila Kiingereza na bila ndugu wanaambiwa: ukisema neno, sisaini, utarudi Kongo. Hiyo si kweli. Aliyepigwa au kuteswa na mume wake anaweza kutuma I-751 peke yake, na aliyeachwa kwa talaka pia, akionyesha kwamba ndoa ilikuwa ya kweli tangu mwanzo. Mke wa raia au wa mwenye kadi aliyeteswa kabla ya kupata kadi ana fomu yake, I-360, ambayo mume hapewi habari yake. Mwanaume anayeteswa ana haki hizohizo. Habari hii inapaswa kumfikia bibi arusi angali Kongo, kabla ya kupanda ndege.

Mengi kati ya haya hayaamuliwi Washington. Daftari ya komine inaandikwa Kongo, na sheria ya mwezi mmoja ni ya Kongo. Pasta anayebariki ndoa anaweza kudai karatasi ya état civil kwanza. Wazazi wanaopokea mali wanaweza kuuliza kama bwana arusi atakuja mwenyewe, au ataonekana katika simu tu. Familia iliyoko Lexington inaweza kutuma dola 200 za tribinali na daftari katika mwaka wa kwanza, badala ya kutuma maelfu kwa mtu wa kati katika mwaka wa saba. Wanaochelewa kufanya hivyo wanalipa kwa kitu kisichorudishwa na ada yoyote: mtoto aliyeachwa na miaka mitatu, anayemjua baba yake kwa sauti ya simu, na ambaye siku ya mahojiano Kinshasa ataulizwa kama anamtambua katika picha.